Kijani Sitini na Moja

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Najua ukiiona bahasha utasema nimefukuzwa kazi au nimepata mchumba, maana mengine yote siku hizi watu huambiana kwa simu. Sijafukuzwa, na mchumba bado. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu si yangu tena. Wazazi arobaini na sita wamo ndani yake, na kila nikiishika nizungumze na mtu wangu inalia katikati ya neno. Nimefika mahali hata simu ya mtu mwingine ikilia kwenye foleni, nafungua mkoba wangu.

Vinginevyo mimi mzima. Chumba changu kimepata dirisha jipya baada ya lile la zamani kuanguka lenyewe, na mwenye nyumba anaapa kuwa nililisukuma. Mama hajambo? Macho yake vipi? Mwambie miwani ni ya kuvaa, si ya kuweka juu ya redio.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Muhula huu mwalimu mkuu ametugawia vishikwambi, kila mwalimu wa darasa chake. Ndani yake mna programu inayoitwa Daftari la Mzazi. Kila siku lazima nibonyeze jina la kila mtoto na kumpa rangi. Kijani, amefanya vizuri. Njano, wastani. Nyekundu, hajafanya kazi, au amesumbua, au amesinzia. Saa tisa kamili ujumbe unaruka kwa mzazi. Mtoto bado anafunga begi lake, baba yake ameshajua.

Sikatai, faida zipo. Nina mama mmoja dereva wa lori, wiki nzima yuko njiani, na kila jioni huniandikia kuuliza mwanawe ameshindaje. Zamani angejua mwisho wa muhula. Lakini pia nina msichana wa miaka kumi na moja, wenzake wanamwita Nukta kwa sababu mwandiko wake ni mdogo mpaka naazima miwani ya mwalimu mwenzangu kuusoma. Kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Anatazama picha, anatazama herufi ya kwanza, anakisia. Wiki ya kwanza nilimpa nyekundu tatu, kwa haki kabisa. Baba yake ni fundi wa majokofu, mjane, mstaarabu, shati limenyooshwa, na hujibu kabla ya wazazi wote. "Asante mwalimu. Nitalishughulikia." Nikafurahi, nikasema huyu ndiye mzazi.

Baada ya ile nyekundu ya tatu, Nukta aliandika somo zima akiwa amesimama. Nikamwambia kaa. Akasema amezoea. Nilimpeleka chooni nikamwomba anioneshe mgongo. Alama zilikuwa za waya wa umeme, ule mnene wa nyuma ya jokofu. Na mimi ndiye niliyebonyeza.

Shangazi, wewe ulikuwa karani wa shule miaka kumi na tisa. Barua zote za wazazi zilipita kwenye taipureta yako. Watoto kama huyu mlikuwa mkiwafanyaje?

Mwanao

26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Bahasha yako ilikaa siku tano kwa jirani, kwa sababu mtu wa posta haamini kuwa mlango wetu nao ni mlango. Ilipofika, mama yako akakaa mkao wa kusikiliza, nikamsomea mpaka pale kwenye dirisha. Kuanzia hapo nikakunja karatasi, nikasema umemaliza kwa kumsalimu. Akasema, "Mtoto huyu siku hizi anaandika kwa mkato." Mimi na wifi yangu huu mwaka wa sita tuko nyumba moja na hatujatoana macho, ingawa ya kwake yameanza kutoka yenyewe. Daktari anataka kulipasua la kushoto. Yeye anasema angoje kwanza kaka yako arudi, amwone kwa jicho hili hili, lisije likaharibika bure. Miaka ishirini na mbili anamngoja. Mimi sisemi kitu.

Goti langu linatabiri mvua, na halijawahi kupatia.

Umeuliza tulikuwa tukifanyaje. Tuliandika barua, tukaitia kwenye bahasha, tukampa mtoto apeleke. Katika kumi zilifika sita. Nyingine zilinyeshewa. Nyingine zilisomwa na dada mkubwa, akaja shuleni kesho yake amevaa viatu vya mama yake akidai yeye ndiye mama, na sisi tukamkaribisha kiti. Na nyingine zilipotelea kwenye meza yangu. Mwalimu mkuu hakujua, na waliojua walinyamaza. Hicho kidude chako hakina pa kupotelea kitu, ndio ubaya wake.

Mpe kijani. Kila siku, kijani. Usiniulize zaidi ya hapo.

Shangazi yako

30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na mpe mama shikamoo yake. Mwambie shule ilifungwa wiki mbili na imefunguliwa, nimenenepa kidogo, na yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akinisindikiza ameoa mtu mwingine. Msomee mpaka hapa.

Nilikusikia. Tangu barua yako ifike, Nukta anapata kijani kila siku ya Mungu. Baba yake akaandika, "Mwalimu, umembadilisha mtoto wangu." Siku ya nne Nukta alikaa. Wiki ya pili alihama dawati la nyuma akaja la mbele. Sasa anainua mkono hata kama jibu hana, na amegundulika kuwa ni mcheshi, anaweza kumwigiza mwalimu mkuu anavyopanda ngazi. Nilifurahi, Shangazi. Nilijiona mjanja.

Kumbe chombo kinahesabu. Mtoto akifikisha kijani thelathini mfululizo kinampa Nyota chenyewe, hakimuulizi mtu. Juzi saa nne asubuhi simu za wazazi wote zililia kwa pamoja: mwanafunzi bora wa darasa ni Nukta. Picha yake ya kitambulisho, na nyota juu ya kichwa, ikajitokeza hata kwenye kishikwambi changu mezani, mbele ya watoto. Darasa zima liligeuka kumtazama, kisha likageuka kunitazama mimi. Watoto wanajua nani anasoma na nani hasomi. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Mwalimu mkuu amefurahi kupita kiasi. Tarehe kumi na tatu Juni ni siku ya wazazi, wageni wa idara ya elimu wanakuja kuona vishikwambi vimetufaa nini, naye alikuwa akitafuta mtoto wa kuonesha. Nukta atasimama mbele ya watu mia tatu asome ukurasa mzima. Baba yake ameshatangaza kwenye kundi la wazazi kuwa siku hiyo anafunga karakana.

Nikasema basi nirudi nyuma, nibadilishe kijani mbili tatu ziwe njano, nyota ijiondokee. Nikabonyeza. Kikaja kisanduku kidogo: "Kila badiliko litatumwa kwa mzazi pamoja na rangi ya awali." Kwa hiyo nikimwekea Nukta anachostahili, baba yake anapokea nyekundu thelathini mchana mmoja, na kila moja inamwambia kuwa amedanganywa. Niliondoa kidole kwenye kioo, nikakizima bila kubadilisha kitu.

Nifanye nini? Na unijibu kitu kimoja ambacho hujawahi kunijibu: kwa nini uliacha ukarani miaka saba kabla ya kustaafu?

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amekubali kupasuliwa jicho, kisha akakataa, kisha akakubali. Jirani amerudisha pasi aliyoazima mwezi wa kwanza, na papo hapo akaazima meza ya kupigia. Kuhusu mwalimu wa hesabu, mama yako kasema hata hivyo alikuwa na shingo fupi. Hajawahi kumwona.

Kuhusu Nukta. Una wiki tano. Mfundishe huo ukurasa, ni ukurasa mmoja tu, si msahafu. Na nenda ofisi ya ustawi wa jamii ukamseme huyo fundi. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Nimeliacha pale pale ulipoliandika.

Shangazi yako

27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Usimsomee mama hata mstari mmoja wa hii. Mwambie nina mafua.

Namfundisha kila mapumziko, kwenye chumba cha nyuma ya maktaba, mlango umerudishwa. Ukurasa una mistari kumi na minne. Ameshika mitano. Wala si kusoma, ni kukariri. Nikifunika mstari wa juu kwa kidole, wa chini unampotea. Tena hataki. Jana aliniambia, "Mwalimu, mimi si nyota? Mbona nakaa ndani na wengine wanacheza?" Nilijifanya natafuta chaki.

Kwa mwalimu mkuu nilikwenda. Nilimweleza habari ya mgongo tu, ya kijani sikuigusa. Akafunga mlango, akaniambia yule fundi ni mjumbe wa kamati ya shule, na shule haiingii vyumbani mwa watu. Kisha akafungua kishikwambi chake akanigeuzia. "Tazama kumbukumbu za mtoto mwenyewe. Huyu ana raha kuliko wote. Si umeandika wewe?"

Ustawi wa jamii pia nilikwenda, nikafika mpaka kwenye ngazi. Ubaoni wameandika kuwa mlalamikaji alete kumbukumbu za shule za mtoto. Kumbukumbu zenyewe ni mimi. Zinasema mtoto anachanua na baba anashukuru kila siku kwa maandishi. Hata wakili asingemtetea vizuri kuliko nilivyomtetea. Nikisema kweli, nakiri kuwa nimeghushi siku hamsini, na mimi bado niko kwenye mwaka wa majaribio. Watanitoa kabla hawajamfikia yeye, na Nukta atabaki naye peke yake pamoja na hiyo aibu. Nisiposema, tarehe kumi na tatu atasimama mbele ya watu akwame, kisha atarudi nyumbani na baba yake. Kila upande nikigeuka nakuta ukuta nilioujenga kwa kidole changu. Niligeuka kwenye ngazi nikarudi.

Na wewe nimekukasirikia, sitakuficha. Nilikuuliza kwa sababu nilidhani unajua. Ukaniambia mpe kijani, rahisi, kana kwamba unaniambia nifunge mlango kuna baridi. Nikikuuliza ushauri huo umeutoa wapi, unanipa habari za pasi. Mimi nimebanwa huku. Kama huna la kusema, usiandike.

Mwanao

4 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Umenigombeza na nimestahili. Leo mama yako hayupo. Amelazwa kliniki ya macho mpaka keshokutwa, jirani yuko naye, nami nina meza peke yangu. Majibu ya barua hii usiyalete kwenye nyumba hii. Akitoka huko atakuwa anaona, na ataanza kujisomea mwenyewe.

Kaka yako hakuondoka kutafuta kazi.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Alikosa shule siku kumi na moja mfululizo, anashinda kwa mtengeneza redio, anapenda nyaya kuliko daftari. Mwalimu mkuu wangu akanitamkia barua, nikaipiga taipu. Kwa Mzazi wa fulani. Mzazi mwenyewe ni kaka yangu, marehemu baba yako. Za watoto wa watu nilishazipoteza, sijui ngapi. Hii ya kwetu nikaona haya. Nilisema watasema napendelea damu yangu. Kwa hiyo sikuipoteza, na mtoto naye sikumpa, asije akaipoteza yeye. Nikaipeleka kwa mkono wangu, kwa kuwa nilikuwa napita kwenu kunywa chai.

Mama yako alikuwa kwao akimuuguza bibi yako. Wewe ulikuwa na miaka tisa, uko nje unacheza. Baba yako aliisoma nimekaa mbele yake. Mkono wa kaka yangu niliujua tangu tukiwa watoto, nao ulishanipitia mimi. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akaniuliza kama sukari imetosha. Nikasema imetosha. Nikamaliza chai yangu nikaondoka.

Kesho yake kaka yako alikuwa hasikii sikio la kulia. Keshokutwa hakuwepo. Mama yako aliporudi akaambiwa kijana kaenda mjini kujitafutia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwambia. Nilirudi kazini, lakini kila nikianza kupiga "Kwa Mzazi" vidole vilikufa ganzi. Nilijikaza mwaka mmoja, kisha nikaacha. Watu wakadhani ni goti.

Kwa hiyo uliponiuliza, sikukushauri wewe na Nukta wako. Nilikuwa naipoteza ile barua yangu, nimechelewa miaka ishirini na mbili, nikakutumia wewe. Nisamehe kwa hilo, ukiweza.

Nenda ukaseme. Anzia kijani cha kwanza, usiruke hata siku moja. Kazi utapata nyingine, na usipopata, utakuja tukae watatu tugombanie redio. Lakini usikae ukamaliza chai, mwanangu. Nakuomba.

Shangazi yako

30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Ulisema majibu nisiyalete kwenye nyumba hiyo, kwa hiyo hii naituma kwa jirani akupe mkononi. Mama ameniandikia mwenyewe, mistari miwili, herufi kubwa kama za tangazo, ananiambia anaona na kwamba nyumba yenu ni chafu. Barua yako nimeificha. Sasa tuko wawili tunaomtazama usoni tukiwa tumefunga midomo, na sijui wewe umewezaje miaka yote hii.

Nilikwenda tarehe kumi na moja. Nilipeleka karatasi nne kwa mwandiko wangu, kila siku na rangi niliyoweka, na kando yake rangi iliyostahili, pale nilipokumbuka. Pengi sikukumbuka. Ofisa ni mama mmoja mchovu, mafaili yamemzunguka mpaka kwenye kiti cha mgeni. Alizisoma zote nimesimama. Akauliza, "Unajua kuwa unajishitaki?" Nikasema najua. Akaondoa mafaili kwenye kiti, akasema, "Basi kaa."

Kesho yake walikuja shuleni na muuguzi. Mgongo ulikuwa na alama za zamani, na mbili mpya. Mpya, Shangazi. Alikuwa anapigwa kwa mengine, kwa vyombo, kwa kuchelewa dukani, na mimi huku nabonyeza kijani nikidhani nimemkinga. Hakuniambia. Muuguzi alipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema mwalimu wake alikuwa anafurahi.

Sasa yuko kwa bibi yake mzaa mama, upande wa pili wa mji, shule nyingine. Baba anaripoti polisi kila wiki, kesi bado haijatajwa. Siku ya wazazi ilifanyika, alisoma mtoto mwingine, nasikia walipiga makofi sana. Mimi nimesimamishwa mpaka kamati ikae. Nilirudisha kishikwambi nikasaini, na mwalimu mkuu aliisoma sahihi yangu muda mrefu ili asinitazame. Simu haijalia tangu siku hiyo. Bado naiendea.

Ninalotaka kukuambia ni hili, na sijamwambia mtu. Kabla hawajamhamisha, ofisa aliniruhusu dakika kumi na Nukta, nimweleze kwa mdomo wangu. Chumba kidogo, benchi moja, tukakaa bega kwa bega kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine. Nilidhani atanishukuru. Ni aibu kulisema, lakini nilidhani hivyo. Nikamwambia zile rangi niliziweka ili asipigwe, na kwamba kusoma bado, lakini atajua, ana akili, atajua.

Alikuwa akichezea zipu ya begi. Akauliza, "Kwa hiyo zile si zangu?" Nikasema nilikuwa namkinga. Akauliza tena, "Zote sitini na moja?" Hesabu alikuwa nayo kichwani, siku kwa siku. "Hata moja si yangu?"

Nikafungua mdomo niseme ipo. Lazima ipo. Mtoto hawezi kukaa darasani siku sitini na moja asiwe na siku yake hata moja, akapatia jumla, akaandika sentensi ikakaa sawa, akamsaidia mwenzake. Lakini mimi nilikuwa namwekea kijani asubuhi, kabla sijafuta ubao, nisije nikasahau, na nikishamwekea nilikuwa simtazami tena. Wengine arobaini na watano niliwaangalia kila siku ili nijue niwape nini. Yeye sikuwa na haja ya kumwangalia.

Alinisubiri nitaje siku moja. Aliacha hata kuchezea zipu. Nilikuwa bado naitafuta hiyo siku, ofisa alipofungua mlango akasema gari limefika.

Mwanao